Dubwana letu la kisimani: manyoya yanacheza, mkono umekatika, na watoto wanaliogopa mpaka mwisho

Ndoo_Tupu

Wadau, heshima kwenu. Tuko wawili, tunatengeneza filamu fupi ya familia ya picha kwa picha (kikaragosi kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena), dakika 6. Kisa kwa ufupi: kijiji kina kisima kimoja. Usiku kisima kinanguruma, na kila asubuhi kamba ya ndoo inakutwa imekatwa. Watu wanaamini mle ndani mna dubwana linalotaka kuwaua kwa kiu. Dubwana lipo kweli, ila linakata kamba kwa sababu ukuta umepasuka na unakaribia kuporomoka. Linazuia watu wasisogee. Mtoto mmoja ndiye anayegundua.

Kikaragosi kina kimo cha sentimita 30. Mifupa ni waya wa alumini, juu yake sponji, halafu manyoya bandia yenye urefu wa kama sentimita 3. Kichwa ni plastisini tupu, macho ni shanga nyeusi za milimita 12. Tunapiga kwa fremu 24 kwa sekunde, kila mkao fremu mbili.

Shida ni tatu. Manyoya yanachemka kwenye kioo, yaani yanatikisikatikisika, hata dubwana likiwa limetulia. Linapopanda kutoka kisimani linainama lenyewe kati ya picha na picha, na mkono wa kulia umekatika mara mbili pale kwenye kiwiko. La tatu ndilo linalotugombanisha: tumeonyesha rasimu kwa watoto wa miaka 4 hadi 9. Wakubwa wameelewa, wadogo wanaficha macho hata pale dubwana linapomwokoa yule mtoto. Mwenzangu anataka tung'oe chonge na tukate kucha. Mimi naona tukifanya hivyo hatuna filamu. Mnasemaje?

BiSindano

Nachukua manyoya, hayo ndiyo ya kwangu.

Hamko peke yenu. King Kong wa 1933 alivikwa ngozi ya sungura, na kila mhuishaji alipomgusa vidole vikaacha alama. Kwenye kioo manyoya yanatembea kama yanapulizwa. Kwa sokwe aliyekasirika inapita. Kwa kiumbe anayekaa kimya kumsikiliza mtoto, haipiti.

Pigeni hesabu. Unyoya wa sentimita 3 ukiguswa, ncha yake inahama milimita 5 bila shida. Dubwana likijaza kimo cha picha, milimita 5 ni sehemu moja ya 60 ya kimo hicho. Kwenye picha yenye mistari 1080 hiyo ni pikseli 18, kila mkao, kwa maelfu ya nywele. Hakuna jicho lisiloona.

Punguzeni urefu ufike sentimita 1, mgongoni moja na nusu. Msipunguze kwa mkasi mkubwa kwa mpigo mmoja, mtaacha ngazi. Tumieni mkasi mdogo, ncha ikielekea chini kufuata ulalo wa unyoya. Mkikata kipande kipya cha kitambaa, kigeuzeni na mpasue mgongo wake tu kwa wembe. Ukikata kwa mkasi toka juu unakata na nywele za mshono, na mshono utaonekana daima.

Sasa raha yenu: kiumbe wenu anaishi majini. Manyoya yake yana haki ya kulowa, na manyoya yaliyolowa ndiyo yasiyochezacheza. Changanyeni gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 na maji sehemu 3. Pakeni kwa mswaki, kisha vuteni kwa kitana mpaka yashikane vishungi vyembamba, vyote vikielekea chini. Acheni usiku kucha. Yakikauka yanakuwa na umbo lake, na kidole kikigusa yanarudi palepale. Gundi ikizidi, mtapata nungunungu. Ikizidi kwenye kwapa na nyonga, ngozi haitakunja na waya utaanza kushindana nayo, na pengine hiyo ni sehemu ya sababu ya mkono kukatika.

Mng'ao wa maji msiutafute kwa maji. Taa itayakausha katikati ya shoti na mng'ao utakuwa unapungua picha kwa picha. Gliserini haikauki. Tone dogo kwa brashi kwenye vishungi vya kifuani na mabegani, basi. Msiweke mahali mnapopashika, inateleza na inakusanya vumbi.

Na msilishike kiumbe kwa vidole vya kifuani. Shoneni uwazi mdogo mgongoni, ndani yake fungeni nati ya M3 (ya skrubu ya milimita 3) kwenye mifupa. Mkitaka kulisogeza, ingizeni skrubu ndefu, sukumeni, itoeni, pigeni picha. Mikono sukumeni kwa vijiti viwili vinavyopenya manyoya hadi kwenye sponji. Kabla ya kila picha brashi mara mbili, upande uleule.

Fremu24

Mkuu, mkono haukatiki kwa bahati mbaya. Angalia pale ulipokatika: nina hakika ni ukingoni, pale epoksi au gundi ngumu inapoishia na waya mtupu unapoanza. Mkunjo wote unajikusanya kwenye nukta moja, alumini inachoka, inakatika. Acheni kiungo kiwe na waya mtupu wa milimita 12 hadi 15, na ule ukingo uzungushieni uzi wa pamba uliolowa gundi, milimita 3 kila upande, ili mkunjo usambae. Waya uwe nyuzi mbili za milimita 1.5 zilizosokotwa, si uzi mmoja mnene. Mkisokota kwa drili, simamieni: msokoto ukikaza sana waya unakuwa mgumu na umeshaanza kuchoka kabla hata ya picha ya kwanza.

Hata hivyo utakatika tena siku moja, ndiyo asili yake. Kwa hiyo mkono uwe wa kubadilishwa: mirija miwili ya shaba ya mraba, mmoja unaingia ndani ya mwenzake, mkubwa begani na mdogo kwenye mkono, skrubu ndogo inaubana. Tengenezeni mikono mitatu leo. Mraba, si duara, mviringo utazunguka.

Kuinama ni kichwa. Tufe la plastisini la kipenyo cha sentimita 5 lina uzito unaopita gramu 100, na lote liko juu kabisa. Wekeni tufe la povu gumu la sentimita 4.2 ndani na ngozi ya plastisini ya milimita 4 juu yake. Uzito unashuka chini ya nusu.

Ila kwa shoti ya kupanda kisimani msihangaike na miguu kabisa. Haionekani! Ukuta wa kisima unaficha kila kitu chini ya kiuno. Likalisheni dubwana kwenye kibao kidogo juu ya nondo ya hesi (mistari ya skrubu) ya M6, yaani milimita 6, nondo ipite kwenye tundu la meza, nati kubwa iwe chini ya meza, imeshikiliwa pale izunguke tu bila kushuka. Hesi ya kawaida ya M6 ina hatua ya milimita 1, kwa hiyo kila duru moja ya nati inapandisha dubwana milimita 1 kamili. Anzeni robo duru, nusu, duru moja, mbili, mbili, mbili, kisha mpunguze vivyo hivyo juu. Mtapata mwendo wa kiumbe mzito bila kulishika hata mara moja. Zungusheni nati, si nondo, la sivyo dubwana litapanda likicheza dansi. Na kibao kiwe na kijiti cha pembeni kinachoteleza kwenye mfereji ili kisigeuke.

KijukuuChaBibi

Nianze na ubishi wa chonge, maana unawapeleka pasipo.

Mwaka 1985 Cynthia Hoffner na Joanne Cantor waliwaonyesha watoto wa rika tatu, miaka 3–5, 6–7 na 9–10, kisa kimoja cha bibi mzee kwa namna nne: sura nzuri au mbaya, matendo mema au ya kikatili. Wadogo ndio waliomhukumu zaidi kwa sura. Umri ulivyopanda, uzito wa sura ukapungua na wa matendo ukaongezeka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anayeficha macho hajashindwa kuelewa filamu yenu, amehukumu kwa alichokiona. Mking'oa chonge mtampunguzia hofu kidogo, na mtawanyang'anya wale wa miaka 7 kitu chote walichokuja kukitazama, yaani kukosea halafu kujua kwamba walikosea.

Nakisia rasimu yenu inalificha dubwana mpaka dakika ya nne, halafu linatokea zima, uso mzima, palepale mnapotaka lipendwe. Hilo ndilo kosa. Mtoto anaombwa aupokee uso mgeni na aupende kwa wakati mmoja. Mnafichua mwili mzima mara moja kwa sababu ya utamu wa kushtua, na mshtuko huo unameza dakika moja nzima ya filamu ya dakika sita.

Litoeni kipande kwa kipande, na kila kipande kikitokea kiwe na kazi ndogo kinayofanya. Mfano: sekunde ya 40, vidole viwili vyenye kucha vinatokea ukingoni, vinaokota kokoto, vinaichomeka kwenye ufa. Dakika 1:20, pua inanusa ndoo. Dakika 1:50, mgongo, umejibana ukutani, na tunaona matofali yanasukuma. Hadi dakika ya 2 mtazamaji awe anajua wanakijiji hawajui. Kuanzia hapo swali linabadilika kutoka «litawadhuru?» kwenda «watalidhuru?», na hili la pili mtoto wa miaka 4 analibeba vizuri zaidi, kwa sababu sasa yeye ndiye mwenye siri.

Ushahidi wa wanakijiji uwe wa kweli wote. Kamba imekatwa: kweli. Kisima kinanguruma: kweli. Kucha zimekwaruza ukuta: kweli, ndipo linapojishikilia likizuia matofali. Kinachokosewa ni tafsiri tu. Mkiweka hata shoti moja ya uongo, kwa mfano dubwana linamrukia mtoto bila sababu ili mpate mshtuko, mmewadanganya watazamaji, si wanakijiji. Njia ya kupima: kateni shoti za dubwana peke yake, zipangeni kwa mfuatano wake, zitazameni bila kitu kingine. Kama matendo yake yana mantiki tangu mwanzo hadi mwisho bila kijiji, mko salama.

Halafu tumieni ngeli. Msemo wenyewe unasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, li- na li-. Kijiji kizima kiseme «limekata tena», «linanguruma», «lifukieni». Mtoto naye aseme hivyohivyo mwanzoni. Halafu kwenye dakika ya nne, bila mtu yeyote kutoa maelezo, aseme: «Amechoka.» Basi. Neno moja. Mwishoni mzee wa kijiji aanze «Lime…», anyamaze, aseme «Ameumia mkono.» Muigizaji asiisisitize hiyo a-, aipitishe kama mtu anayetafuta neno. Mkiisisitiza mmeiua.

Penseli_Butu

Nakubaliana na Kijukuu karibu yote, ila hapa amepita haraka: hawa wadogo bado wapo ukumbini, na sura bado ni sura. Chonge ziacheni. Macho ndiyo mabaya.

Shanga nyeusi tupu haina upande. Haina weupe, haina mboni, kwa hiyo mtoto haoni dubwana linatazama wapi. Kiumbe mwenye chonge usiyejua anatazama nini, hata mimi naficha macho. Chukueni shanga nyeupe za kipenyo hichohicho, ziwekeni kwenye tundu la plastisini lililopakwa mafuta ya mgando ili zizunguke, na mtengeneze mboni kwa vidonge vyembamba vyeusi vya kubandika: milimita 2, 3, 4.5 na 6. Nata ya mafuta kidogo tu inavishika.

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna zawadi. Mboni hupungua kwenye mwanga na kutanuka gizani. Wanakijiji wanakuja na kurunzi, wanammulika: mboni zinaruka toka 6 hadi 2, na macho yanakuwa meupe yenye kitone. Yanatisha kweli, na ni wao waliosababisha. Mtoto anakuja, anaiweka taa chini nyuma yake. Mboni zinapanda 2, 3, 4.5, 6, mikao minne, fremu 8, yaani theluthi ya sekunde. Uso hamjaugusa. Chonge ziko palepale. Jicho limekubali tu.

Shikilieni ile 6 kwa sekunde mbili nzima kabla ya kufanya kitu kingine, halafu kope. Kope tatu za plastisini za kubandika: wazi, nusu, zimefumba. Kupepesa kwa kawaida ni nusu, fumba, nusu. Kwa kiumbe aliyechoka wekeni nusu mara mbili wakati wa kufumbua.

Kitone cha mwanga ndani ya jicho nacho kina kazi. Taa ndogo karibu na lenzi, imezibwa kwa karatasi isiangaze manyoya, itoe kitone kimoja kwenye kila jicho. Iwasheni tangu pale taa ya mtoto inapowekwa chini. Kabla ya hapo, hakuna kitone.

Chonge mzipe kazi mbili. Shoti ya karibu mwanzoni: chonge linakata kamba, nyuzi moja moja, tap, tap. Mwishoni, pembe ileile ya kamera, lenzi ileile, chonge lilelile: limeshika kamba bila kuikata, na mtoto yuko upande wa pili anavutwa juu. Wekeni alama kwa utepe mezani penye stendi ya kamera siku mnayopiga ile ya kwanza, maana milimita mbili za tofauti zinaua ufanano.

Sikio_la_Tatu

Hakuna aliyegusa mngurumo na nusu ya hofu iko pale.

Ngurumo za madubwana huanza kwenye vitu vidogo. Mngurumo wa King Kong ni simba na chui milia waliorekodiwa, ukanda ukachezwa kinyumenyume na polepole. Wa Godzilla wa 1954, mtunzi Akira Ifukube aliupata kwa glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari iliyoburutwa kwenye nyuzi za besi kubwa, kisha kasi ikapunguzwa. Kwenu natumia njia hiyohiyo kwa sababu ya kisa: rekodini mtu akiguna kwa uchovu, sauti ya juu, kama mtu anayebeba mzigo mzito kwa muda mrefu. Ichezeni kwa nusu ya kasi: inashuka oktava moja na urefu unakuwa maradufu. Huo ndio mngurumo wa kijiji. Mtoto anapoingia kisimani, sauti ileile chezeni kwa kasi yake halisi. Sikio litatambua kuwa ni kitu kimoja, hata kama mtazamaji hatajua kwa nini.

Rekodini kwa kilohezi 48, yaani sampuli elfu 48 kwa sekunde, zinazobeba sauti hadi nusu yake, kilohezi 24. Kwa nusu ya kasi mnabaki na sauti hadi kilohezi 12, inatosha. Kilohezi 96 kuna faida tu kama mnashusha hadi robo ya kasi na maikrofoni yenu inasikia zaidi ya kilohezi 20. Nyingi hazisikii, mtakuwa mnajaza diski tu.

Mwangwi: kisima cha mita 8, sauti inakwenda na kurudi mita 16, yaani kama milisekunde 47. Wekeni kucheleweshwa huko kwenye kila mngurumo unaosikika kutoka juu, na punguzeni sauti za juu kwenye kila mrudio. Tukiwa chini na mtoto, ondoeni kabisa. Sauti kavu, karibu, na pumzi. Msiweke muziki kwenye zile sekunde mbili za mboni. Nawaomba.

Ndoo_Tupu

Wakuu, mmenimaliza. Mkono nimeuangalia, umekatika ukingoni kwa epoksi kama Fremu24 alivyosema. Na ndiyo, tulilificha mpaka dakika 4:10.

Swali la mwisho: filamu nzima ni mikao 4,320. Hatuwezi kuirudia yote. Tukibadili macho na manyoya, shoti za zamani zitafanana na mpya?

Fremu24

Hazitafanana, lakini nyingi hamzihitaji. Shoti za kijiji zisizo na dubwana zinabaki. Orodhesheni zile ambazo dubwana linaonekana, kisha muondoe zile zinazoonyesha umbo tu kwenye giza: manyoya mafupi na marefu kwenye kivuli ni kitu kimoja, mradi halijakaa kimya. Nakisia mtabaki na kama sekunde 70, ambazo ni mikao 840. Kwa mikao 60 kwa siku, siku 14, ongezeni mbili za kukatika mkono.

Anzeni na shoti ya mboni, si ya kwanza kwenye mfuatano. Ndiyo ngumu kuliko zote. Ikishindikana kwa vidonge vya kubandika mtajua mapema kabla hamjafika mbali. Kwenye kamera muda wa mwanga, lenzi na rangi vyote mviweke kwa mkono, si otomatiki, madirisha yazibwe, na mvae nguo nyeusi. Shati jeupe linarudisha mwanga kwenye manyoya yenye gliserini na litapepesa kila mnapoinama.

BiSindano

Naongezea moja hapo. Kila jioni futeni gliserini kwa kitambaa kilicholowa kidogo na mlifunike dubwana, asubuhi pakeni upya mkilinganisha na picha ya mwisho ya jana. Mkiliacha nayo usiku kucha, kesho yake mtapiga picha ya dubwana lenye mvi za vumbi.